Kuhama kutoka kamera za analogi hadi za dijitali kwenye kuchomelea: uzoefu wangu

Kwa miaka 9 nimeongoza mashine inayojiendesha ya TIG, yaani kuchomelea kwa moto wa umeme unaotoka kwenye ncha ya tungsteni. Tochi inashikwa na mkono wa mashine, tangi la chuma kisichoshika kutu linazunguka taratibu chini yake, nami nakaa pembeni nikisogeza waya wa kujazia mshono kwa vitufe, macho kwenye skrini. Muda mwingi wa miaka hiyo skrini yangu ilitegemea kamera za analogi. Mwaka mmoja na nusu uliopita tulihamia dijitali, na mafundi wenzangu hawaachi kuniuliza kama kuna faida. Ipo, lakini si ile niliyoitarajia.

Kamera za zamani zilistahili heshima yake. Kebo moja ya koaksia, kiungio cha BNC, skrini upande wa pili, umemaliza. Hakuna nywila, hakuna kompyuta. Tena picha ilifika papo hapo: nikigusa kitufe, waya unasogea na nauona ukisogea.

Tatizo lilikuwa mwanga. Moto wa TIG unang'aa mno kuliko chuma kilichouzunguka, na kamera ya kawaida haiwezi kubeba vyote viwili kwa pamoja. Ukiweka kichujio cheusi cha kutosha kuuona moto, mfereji wa kiungo unazama gizani. Ukiweka chepesi ili uone mfereji, katikati ya skrini panabaki mpira mweupe, na kwenye kihisi cha CCD (aina ya kipokea mwanga cha ndani ya kamera zile) mpira huo huchora mstari mweupe wima kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo tulikuwa tunakisia. Nilizoea kusoma kingo za ule mpira na sauti ya moto, na siku nyingi nilipatia. Kelele za umeme nazo zilikuwepo: kila tochi ilipowashwa kwa masafa ya juu, picha ilichanika vipande, na hapo ndipo mwanzo wa mshono unapohitaji macho kuliko wakati mwingine wowote.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufikiri kwamba dawa ni pikseli nyingi. Picha ya PAL, mfumo wa video wa analogi, ina mistari 576 inayoonekana, tukaona ni michache, tukafunga kamera ya mtandao ya aina ya ulinzi yenye picha kali. Tulichopata ni mpira mweupe uleule, sasa ukiwa na kingo safi. Kamera ile tuliitoa wiki ya pili.

Kinachohitajika ni kihisi chenye upana mkubwa wa mwanga, yaani HDR. Kamera ya kawaida hushika takribani desibeli 60: sehemu inayong'aa zaidi inaweza kuzidi sehemu hafifu mara 1,000 kabla picha haijaharibika. Kamera zilizotengenezwa kwa kazi ya kuchomelea hufika desibeli 120 na zaidi, ambayo ni mara 1,000,000. Siku tulipoifunga yenyewe na kuwasha moto, nilinyamaza. Ncha ya tungsteni ilionekana, na umbo lake. Waya ulionekana ukiingia kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Kingo mbili za kiungo zilionekana mbele ya dimbwi, na nyuma yake mshono ukiganda. Vyote kwenye picha moja, kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo naijua tungsteni iliyochoka kabla haijaharibu kazi, kwa sababu naiona ncha ikianza kuviringika.

Picha yenyewe ni ya kijivu na imepoa, haina mvuto. Fundi mmoja mkongwe hapa aliikataa siku 3 za mwanzo akisema imefifia. Ilibidi akae nayo hadi macho yazoee. Sisi tulichagua nyeusi na nyeupe badala ya rangi, na sijutii, kwa sababu kwenye dimbwi nahitaji umbo kuliko rangi.

Sasa jambo ambalo karibu liharibu kila kitu: kuchelewa kwa picha. Mwanzoni picha ilipitia kwenye kifaa cha kuibana ili iwe ndogo kisha ikaja kwenye skrini, na ikawa nyuma karibu nusu sekunde. Kwenye kikao cha ofisini nusu sekunde ni kidogo. Kwenye kitufe cha waya ni balaa: unasogeza, huoni kitu, unasogeza tena, kisha waya unaruka upande wa pili. Niliharibu mshono mmoja hivyo. Tulibadilisha mpangilio, kamera ikaleta picha ghafi, isiyobanwa, moja kwa moja kwenye kompyuta kwa GigE (kebo ya mtandao ya kasi), na kubana kukabaki kwa ajili ya kurekodi tu. Kuchelewa hakukuisha kabisa, ila mkono wangu hauusikii tena. Ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa picha iliyorekodiwa. Omba ushike vitufe mwenyewe moto ukiwaka.

Kebo ya mtandao ya shaba inafika mita 100, inatosha karakana nyingi, lakini nunua yenye ngao na uipitishe mbali na kebo za tochi. Upoozaji pia usiuchezee. Kihisi kikipata joto, vidoa vinaanza kuchezacheza kwenye sehemu za giza, kwa hiyo yetu ina koti la maji. Kioo cha mbele cha kukinga cheche tunakibadilisha kila kikichafuka.

Nakuja kwenye kurekodi, ambako sikukutilia maanani wakati wa kununua. Tangi moja lilirudi kutoka kwenye eksirei na kidoa cheupe, dalili ya kipande cha tungsteni kilichobaki ndani ya mshono. Kidoa kilikuwa milimita 1,200 kutoka mwanzo. Kasi yetu ilikuwa milimita 150 kwa dakika, basi nikafungua rekodi kwenye dakika ya 8. Pale pale waya ulipanda, ukagusa tungsteni, ncha ikamenyeka. Chanzo kilikuwa mrija wa kuelekeza waya uliolegea. Zamani tungebishana siku nzima, pengine lawama ingemwangukia kijana wa zamu.

Jiandae tu kwa ukubwa wa mafaili. Picha ya pikseli 1280 kwa 1024, fremu 30 kwa sekunde, ikiwa ghafi inakula karibu gigabaiti 140 kwa saa. Tunatunza iliyobanwa kwa kila mshono, na ghafi kwa mishono ya majaribio pekee. Tulikubaliana pia tangu mwanzo kwamba kamera inatazama dimbwi, si watu, na hilo liliondoa wasiwasi mwingi kwenye zamu.

Bei ni kubwa, sitalificha hilo. Kompyuta nayo iligoma mara 2 katikati ya kazi, na analogi haikuwahi kunifanyia hivyo.

Mashine yetu ya kuchomelea chini ya unga wa kinga bado ina kamera yake ya zamani. Huko moto umefunikwa na unga huo, hakuna mng'ao wa kupigana nao. Kamera inafuata tu nukta ya leza juu ya kiungo. Mwezi uliopita niliulizwa kama nayo ibadilishwe, nikasema iachwe.