Saa Janja Inamaliza Chaji Haraka? Usizime Kila Kitu, Mkamate Mwizi Kwanza

Habari zenu wadau, karibuni sana. Leo naingia moja kwa moja, maana hii mada imenikera muda mrefu. Kila nikifungua komenti nakuta swali lilelile: "Kaka, saa yangu asubuhi ipo asilimia mia, jioni inalia chaji, nifanyeje?" Halafu chini yake wanakuja wataalamu: zima Wi-Fi, zima bluetooth, zima mapigo ya moyo, zima GPS, zima arifa. Jamani, sasa umenunua nini? Ukishazima vyote hivyo umebaki na saa ya kuangalia saa tu, na ya namna hiyo ungeipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Mimi nasema hivi: usizime kitu chochote mpaka ujue nani anakula chaji. Na kuna kitu kimoja kwenye hizi saa nakichukia sana, leo nitakionyesha mpaka mkione kwa macho yenu.

Mkononi nina Galaxy Watch6 ya Samsung, ile kubwa ya milimita 44. Imetoka 2023, sifa zake mnazijua, sitawasomea karatasi. Nachukua namba moja tu: betri yake ni mAh 425, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Simu yako hapo mfukoni pengine ina mAh 5,000. Yaani saa ina chini ya sehemu moja ya kumi ya betri ya simu, halafu unataka iwe na skrini inayoonekana juani, isikilize moyo wako, ihesabu hatua, ipokee meseji, na usiku ikulinde usingizi. Kwenye betri ndogo namna hii, kitu kinachokula kidogo lakini hakipumziki ndicho kinachokumaliza.

Sasa tuje kwa adui yangu. Skrini isiyozimika. Kwenye mipangilio utaikuta imeandikwa Always On Display. Samsung wenyewe wameandika kuhusu hii saa: ukiizima unapata mpaka masaa 40, ukiiwasha mpaka masaa 30. Hayo ni maneno ya mtengenezaji, si yangu. Masaa kumi yameondoka kwa swichi moja! Na msidhani ni Samsung peke yao. Chukua Huawei Watch GT 4 ya milimita 46, ile ambayo kila mtu anaisifia kwamba inakaa wiki mbili. Huawei wanaandika siku 14 kwa matumizi mepesi, 8 kwa matumizi ya kawaida, na ukiwasha skrini isiyozimika, 4. Siku nne! Lakini kwenye tangazo unaona 14 imeandikwa kwa maandishi makubwa, basi unaenda dukani na 14 yako kichwani.

Ngoja niwaonyeshe. Nazima taa hapa studio. Haya. Mkono nimeushusha, siuangalii, naongea na nyinyi. Mnaona? Inawaka. Nikienda jikoni inawaka. Nikiwa ndani ya koti la mvua, mkono umefunikwa kabisa, bado inawaka. Inamwonyesha nani saa? Inamwonyesha koti!

Sogeeni karibu na kamera. Hii skrini ni OLED, kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe. Nukta nyeusi imezima, haili kitu. Nukta nyeupe inakula. Kwa hiyo tazama hii sura ya kwanza, yaani ule mchoro wa saa unaouona kwenye skrini: nyuma nyeusi tupu, mishale miwili myembamba, namba nne. Ikilala inabaki na mishale tu. Hii ni sura iliyokuja na saa yenyewe, na ina adabu.

Sasa nabadilisha. Hii ya pili nimeipakua, sitaitaja jina wala aliyeitengeneza, ila ni nzuri kweli kweli, nakiri. Ina picha ya mawingu nyuma, ina mshale wa sekunde unaoteleza bila kuruka, hali ya hewa, hatua, mapigo ya moyo, chaji ya simu, awamu ya mwezi. Nashusha mkono. Angalia. Mawingu bado yapo, yamefifia tu. Na yale maboksi madogo yote yanaendelea kuomba data: hali ya hewa inakwenda kuuliza kwenye simu, moyo unauliza sensa. Saa imelala usingizi wa mang'amung'amu.

Nilifanya jaribio la usiku, na hili mnaweza kufanya nyumbani bila kifaa chochote. Hali ya usingizi nimeizima makusudi ili skrini ifanye kazi yake, saa ipo mkononi. Na hii sura ya mawingu, skrini isiyozimika imewashwa, nimelala ikiwa asilimia 80, nimeamka 47. Usiku mwingine nimerudisha ile nyeusi ya kawaida na skrini inazimika, mengine yote sijagusa: 80 mpaka 69. Moyo umepimwa vilevile, usingizi umepimwa vilevile, bluetooth imewaka vilevile. Sasa yule aliyekwambia zima mapigo ya moyo anasemaje?

Na sababu ya sura kutofautiana hivi ni ya kiufundi, nitaipitia haraka. Sura za zamani za Wear OS, mfumo wa Google unaoendesha saa kama hii, zilikuwa programu kamili, zina msimbo wao unaokimbia. Mwandishi akiandika vibaya, betri yako ndiyo inalipa. Mwaka 2023 Google wakishirikiana na Samsung walileta mfumo mpya, Watch Face Format, ambapo sura inakuwa maelezo tu ya nini kichorwe wapi, na uchoraji unafanywa na saa yenyewe. Inapunguza sana ujinga wa watu wanaoandika misimbo mizito. Lakini hata kwenye mfumo mpya, ukijaza mawingu na sekunde, nukta bado zinawaka. Hakuna mfumo utakaokuokoa na mapambo.

Sasa namna ya kumsaka mwizi. Hii ni kama LUKU nyumbani: uniti zinaisha haraka, hukati umeme wa nyumba nzima, unachomoa kimoja kimoja huku unaangalia mita. Kwenye simu fungua Galaxy Wearable, ile programu ya Samsung ya kusimamia saa, ingia mipangilio ya saa, kisha betri. Utaona nani amekula nini. Usiangalie dakika kumi baada ya kuchaji, haitakwambia kitu. Subiri mpaka imeshuka chini ya nusu, ndiyo usome. Ukiona programu ambayo hujaigusa tangu asubuhi ipo juu kwenye orodha, huyo hapo, mfute au mzuie. Kisha badilisha kitu kimoja, lala nacho usiku mmoja, linganisha. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Na tahadhari: kama umetoka kusasisha mfumo leo, usihukumu leo. Baada ya masasisho saa inapanga programu zake upya nyuma ya pazia na chaji inashuka. Izime, iwashe, ipe siku mbili tatu.

Kuna jambo jingine watu hawalifikirii, nalo ni skrini kuwaka ukiinua mkono. Mimi hii naipenda, ndiyo mbadala wa ile niliyoichukia. Lakini kuna ndugu yetu mmoja, dereva wa bodaboda, aliniletea saa yake, chaji inaisha kabla ya saa kumi jioni. Mipangilio yake safi, sura yake nyeusi. Tukatoka naye barabarani. Kila shimo, kila tuta, kila akikata kona, skrini inawaka! Mkono upo kwenye usukani, kiwiko kinapanda na kushuka siku nzima, saa inadhani anataka kujua muda. Tukazima ile ya kuinua mkono, tukaiacha ile ya kuwasha kwa kugusa skrini. Basi. Kwa hiyo kama unaendesha pikipiki, au ni fundi, au unatwanga, unafua, unapiga ngoma, mwizi wako anaweza kuwa huyu na si yule wangu. Na hapa lazima niwe mkweli, muuguzi mwenye glavu ambaye anahesabu mapigo ya mgonjwa anahitaji skrini inayoonekana bila kugusa kitu. Yeye aiwashe akiingia zamu na kuizima akitoka. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba ni upuuzi. Ila wewe unayekaa ofisini na saa ya ukutani mbele yako, zima.

Arifa sasa. Wadau, hebu tuongee ukweli kuhusu kamati za harusi. Uko kwenye makundi mangapi ya WhatsApp ya michango? Kila mtu akiahidi, mweka hazina anabandika orodha nzima upya, na watu wote wanaitikia "Amina" na "Hongera". Kila ujumbe unatikisa mota ya saa na kuwasha skrini. Mtetemo ni mota, inazunguka kweli, si bure. Nyamazisha kundi kwenye simu, mchango wako utautuma tu bila saa kukutikisa. Halafu kwenye Galaxy Wearable chagua programu ambazo zina ruhusa ya kufika mkononi. Mimi nimeacha simu zinazopigwa, meseji za kawaida na watu wa nyumbani.

Mapigo ya moyo nimeshasema, sitaki uyazime. Kama unabana sana chaji, kwenye Samsung Health kuna chaguo la kupima kila dakika 10 ukiwa umetulia badala ya mfululizo. Inatosha kwa watu wengi. Kipimo cha oksijeni usiku, hicho kama huna sababu ya kiafya, zima, kinakula.

Wenye saa ya laini, ile ya LTE, sikilizeni. Ukiacha simu nyumbani, saa inashika mtandao yenyewe, na mahali penye mnara wa mbali inapambana kutafuta mawimbi. Hapo chaji inayeyuka, na hakuna sura nyeusi itakayokusaidia. Hata bila laini, simu ikiwa mbali bluetooth inakatika, saa inaamsha Wi-Fi kutafuta njia nyingine. Na simu nyingi tunazotumia huku zina mfumo mkali wa kuua programu ili kubana betri ya simu. Inaua Galaxy Wearable, saa inapoteza mwenzake, inaunganisha upya, inakatwa tena, mchana kutwa. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya simu, iondolee hiyo programu vizuizi.

Sasa najua mmeanza: "Kaka, kwani Apple wao vipi?" Apple waliweka skrini isiyozimika kwenye saa yao ya Series 5 mwaka 2019, na wakabaki kuahidi masaa 18 yaleyale. Walitumia skrini inayoweza kushusha uchoraji mpaka mara moja kwa sekunde. Heshima kwao kwa hilo. Lakini bado yalikuwa masaa 18, ndugu zangu, kwa bei ile! Nilichokipenda zaidi ni OnePlus Watch 2 ya 2024: ndani kuna chipu mbili, moja kubwa ya Wear OS na moja ndogo ya kazi nyepesi, betri mAh 500, wanaahidi mpaka masaa 100. Kubwa inalala, ndogo inakesha. Huo ndio uhandisi ninaoutaka. Na zile saa za bei nafuu pale Kariakoo, zinakaa siku nyingi kwa sababu zina mfumo mdogo tu usiobeba programu za watu wengine. Kwa hatua na arifa zinatosha, ila namba zake za shinikizo la damu msiziamini, tafadhali sana.

Kuhusu used kutoka Dubai, kabla hujatoa hela: betri inazeeka. Apple wanasema zao zimeundwa kubaki na uwezo wa asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000 kamili ya chaji. Mtu anayechaji kila siku anafika huko ndani ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo saa ya miaka minne ikiisha haraka, pengine hakuna mwizi wa kumsaka, betri imechoka. Mwambie muuzaji uivae nusu saa pale pale dukani, skrini ikiwa imezimika. Ikishuka asilimia tano, rudisha, ondoka. Na joto linaharakisha uzee huo, usiiache kwenye dashibodi ya gari juani hapa Dar.

La mwisho ni habari za chaneli. Jumamosi usiku tupo laivu, na nitaleta Garmin moja yenye skrini inayotumia mwanga wa jua badala ya kutoa wake, nataka tuilinganishe na hii. Kama unataka saa yako tuichambue, andika hapo chini aina ya saa, ina umri gani, ulilala ikiwa asilimia ngapi na ukaamka ngapi, na picha ya sura unayotumia utaileta laivu. Ukiandika tu "inaisha haraka" sitaweza kukusaidia. Bonyeza kengele ili usikose, tuonane Jumamosi.