Fundi aliyeanza na futi: uzoefu wangu wa kupimisha kimo cha gari nyumba hapa Dodoma

Gari letu ni basi la Kijapani la viti 29. Viti tuling'oa, tukaweka vitanda viwili, jiko la gesi, sinki na tenki la maji la lita 250. Mimi na mume wangu tunanunua asali. Ikifika Mei tunahamia barabarani: Manyoni, Itigi, na vijiji vya ndani zaidi vichakani, tunalala humo humo garini na kurudi Dodoma ndoo zikishajaa. Gari hili ni nyumba yetu na ni stoo yetu, kwa hiyo likiugua, tumeugua wote.

Halikukaa kwenye springi za chuma. Limekaa kwenye mifuko ya upepo, ile ya mpira mweusi kama ya mabasi makubwa. Zaidi ya mwaka mzima nilihangaika na kimo chake, nikatoa pesa mahali ambapo hazikusaidia kitu, mpaka fundi mmoja wa upepo wa hapa Dodoma alipokuja kulipima inavyotakiwa. Naandika kuhusu huduma yake kwa sababu najua wako wengine wenye mabasi ya namna hii, wawe wameyageuza nyumba, zahanati au madarasa, wanaoambiwa "ongeza upepo tu" kila wanapouliza.

Dalili ya kwanza niliiona kwenye sinki. Tulikuwa tumelala nje ya Itigi, mwezi wa Juni, baridi ya alfajiri imekolea. Nimeamka kuchemsha chai, naona maji ya kuoshea vyombo yamekusanyika kwenye kona ya kushoto, hayaendi kwenye tundu. Usiku tulipoegesha yalikuwa yanatoka vizuri. Nikatoka nje na tochi: gari limelala upande wa kushoto nyuma, kama mtu aliyekalia kiuno kimoja. Mume wangu alipowasha injini, baada ya dakika chache likanyanyuka lenyewe. Tukasema basi, limepona. Halikuwa limepona.

Gereji ya kwanza tuliyopita, ambayo sitaitaja, walilitazama kwa macho. Wakasema kushoto ni chini, wakaingia chini na kurefusha rodi ya kushoto, ile fimbo ya chuma inayoamua kimo cha upande huo. Kesho yake tukaona sasa kulia ndiko chini, tukarudi, wakarefusha ya kulia. Tukaondoka na gari lililosimama kama jogoo. Kwa mbali lilipendeza. Lakini kuanzia siku hiyo sakafu ilianza kutetemeka tukifika kilomita 70 kwa saa, na kila tuta lilipiga kishindo nyuma, kishindo cha chuma kabisa. Tulipokuwa tunapandisha ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Kintinku kuelekea Manyoni, mtetemo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mifuniko ya ndoo ilikuwa inalia. Na bado kila asubuhi kushoto kulikuwa kumelala.

Fundi huyu nilielekezwa na dereva mmoja wa basi pale stendi ya Nanenane. Nilipompigia simu hakuuliza gari limelala kiasi gani. Aliuliza: "Mama, mna kitabu cha gari? Na mnalipakia vipi mkisafiri?" Kitabu kipo, cha Kijapani, lakini michoro inaeleweka na tarakimu ni tarakimu. Kwenye gari letu, kipimo cha nyuma kinachukuliwa kutoka kitako cha chini cha mfuko wa upepo, pale kwenye ekseli, hadi uso wa chini wa chesisi, yaani fremu ya gari, ulio juu yake. Kinatakiwa kiwe milimita 245, na tofauti inayoruhusiwa ni milimita 6 juu au chini. Hatupimi kutoka bodi hadi ardhini, wala kwenye tao la tairi. Bodi ilishachomelewa na kurekebishwa mara ngapi sijui, na tairi likipungua upepo kipimo chote kinadanganya.

Akataka tuje na mzigo kama tunavyosafiri. Tulikuwa na ndoo 18 za lita 20. Asali ni nzito, lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo moja iliyojaa ni kilo 28. Ndoo 18 ni nusu tani iliyo nyuma ya ekseli, na tenki la maji liko kushoto. Uzito wa ekseli zetu tulikuwa tunaujua kutokana na mizani ya Nala, kwa sababu gari linalozidi tani 3.5 lazima lipite mizani, nami karatasi zake huzitunza. Alifurahi kuziona. Ekseli ya nyuma ilikuwa mbali na kikomo cha tani 10, kwa hiyo suala la kuzidisha mzigo likaondoka mezani mapema.

Alichelewa saa mbili. Hilo nalisema wazi, na tulikuwa tumeazima sakafu ya ghala huko Kizota ambayo mwenyewe aliihitaji mchana. Lakini alipofika, saa nzima ya kwanza hakushika spana hata moja. Aliweka pima maji sakafuni, sehemu nne, akatafuta mahali palipo sawa. Akapima upepo wa tairi zote sita. Akamwambia mume wangu awashe injini mpaka geji ya mitungi ya kuhifadhia upepo ifike bar 8, kisha alisogeze gari mbele na nyuma mita chache, lisimame lenyewe bila kukanyaga breki. Nikauliza kwa nini. Akasema breki zikiwa zimeshika, ekseli inabanwa na mikono yake haikai mahali pake, unapima uongo. Akaweka vigingi kwenye tairi, ndipo breki ya mkono nayo ikaachiwa.

Kisha akachukua futi, akapiga magoti. Kulia: 271. Kushoto: 278. Akaandika kwa chaki kwenye chesisi yenyewe, akaniita nione. Akasema maneno ambayo mume wangu bado anayarudia: "Mama, hili gari halikupimwa. Lilikisiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, na nashangaa hakuna aliyewahi kunieleza. Juu kwenye chesisi kuna valvu ndogo yenye mkono. Mkono umeunganishwa na ekseli kwa rodi. Ukipakia mzigo, chesisi inashuka, rodi inausukuma mkono juu, valvu inafungua na upepo unaingia kwenye mfuko mpaka chesisi irudi pale pale. Ukishusha mzigo, chesisi inapanda, mkono unavutwa chini, upepo unatoka. Kwa hiyo kimo kinaamuliwa na urefu wa rodi. Mzigo unaamua ni upepo kiasi gani uwe ndani ya mfuko. Mtu anayekwambia uongeze upepo ili gari linyanyuke hajui anachosema. Valvu hizi kwetu ziko tatu: moja mbele, mbili nyuma. Tatu zinatosha, kama kigoda cha miguu mitatu kinachokaa sawa hata kwenye ardhi mbovu. Na hazikimbilii kila shimo, zinasubiri sekunde kadhaa, la sivyo zingemaliza upepo wote kwenye barabara ya vumbi.

Rodi ndefu maana yake gari juu. Ile gereji walilipandisha karibu sentimita tatu, upande mmoja baada ya mwingine, na kilichokuwa kinalilaza usiku hawakukitafuta. Kwa kulipandisha hivyo, pembe ya propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma, ikaharibika, ndiyo maana ya mtetemo. Shokapu zikawa zinafika mwisho wa urefu wake kwenye kila tuta, ndicho kile kishindo. Moja ilikuwa imeanza kuvuja mafuta.

Kabla ya kugusa rodi alitafuta uvujaji. Maji ya sabuni, brashi ya rangi, na subira. Kwenye mifuko yenyewe hakuna kitu. Kwenye kiungio cha paipu inayoingia mfuko wa kushoto, povu likaanza kuota dogo dogo. Na bushi za mpira za rodi ya kushoto zilikuwa zimeliwa, rodi inacheza, kwa hiyo mkono wa valvu ulikuwa haujui ekseli iko wapi. Vitu viwili vidogo. Kiungio kilikatwa upya na kubadilishwa, na bushi zikawekwa mpya.

Kabla ya kuingia chini, alisimamisha gari kwenye stendi za chuma chini ya chesisi. Mume wangu alitaka kuchungulia kabla stendi hazijawekwa, akakatazwa kwa sauti. Nilimpenda fundi kwa hilo. Gari lililoshikwa na upepo peke yake linaweza kushuka kwa mara moja paipu ikichomoka, na nafasi inayobaki chini haimtoshi mtu. Tafadhali msiingie chini ya gari la namna hii bila stendi, hata kwa kuokota spana.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua muda. Alilegeza nati ya rodi, akaifupisha kidogo, akafunga. Kisha alifanya jambo ambalo sijaona mwingine akilifanya: aliichomoa rodi, akashusha mkono wa valvu mpaka gari likaketi kwenye stendi, akaupandisha mpaka likanyanyuka kupita kiasi, akarudisha rodi na kuliacha litulie lenyewe. Akapima. Akarudia, safari hii akilitoa chini kwenda juu. Alisema valvu ina nafasi katikati ambapo haiingizi wala haitoi, na ukipima baada ya kutoka upande mmoja tu unaweza kukosea milimita kadhaa. Mara ya tatu zikatoka 246 kulia na 244 kushoto, gari litokee juu au litokee chini.

Bado hakuridhika. Akasema tushushe ndoo zote. Tukazishusha, moja moja, mimi na mume wangu na kijana wa ghala. Gari likapanda taratibu. Tukasubiri. Halafu likapumua, psss, kulia kidogo na kushoto kidogo, likashuka. Akapima: 247 na 245. Nusu tani imetoka na kimo kimerudi. Machozi yalinilenga, sisemi uongo, kwa sababu nilikumbuka usiku wote niliolala nikiteleza kuelekea ukutani.

Gharama: shilingi 150,000 ya kazi, na 48,000 ya bushi na kiungio. Aligundua pia kwamba mitungi ilikuwa na maji, na kichujio cha kukausha upepo kilikuwa kimechoka. Dodoma hakikupatikana, tukaagiza Gerezani, Dar, kikaja kwa basi siku ya pili, 185,000. Shokapu iliyovuja tulibadilisha baadaye, na mwenzake, kwa sababu hazibadilishwi moja moja. Risiti ilibidi niiombe mara mbili. Na vifaa vyake si vingi: ana stendi nne tu, kwa hiyo mbele na nyuma havifanyiki kwa pamoja, na kwa basi refu zaidi ya letu ningemwuliza kwanza. Pia hagusi magari yenye sensa za umeme. Hayo yanahitaji kompyuta ya kuyaseti, na alinieleza hivyo mwenyewe bila kujifanya anajua.

Tangu hapo tumekwenda Itigi mara tatu na Kondoa mara moja. Mtetemo umeisha kabisa; kutoka Kintinku hadi Manyoni naweza kuweka kikombe cha chai mezani. Taa za mbele, ambazo zilikuwa zinamulika lami puani kwetu, sasa zinamulika mbali, nami sikujua hata kwamba hilo nalo lilitokana na kimo cha nyuma. Usiku gari linashuka kidogo, ila pande zote mbili sawasawa. Nimenunua futi yangu na daftari. Kila baada ya safari, likiwa limesimama sakafu ile ile na mitungi imejaa, napima ilipo alama ya chaki, ambayo sasa tumeipaka rangi nyeupe ili vumbi la mwezi wa nane lisiifute. Naondoa pia maji kwenye mitungi kila Jumamosi kabla hatujatoka kwenda mnadani Msalato.

Safari ya mwisho tulirudi na ndoo 42. Kulia 246, kushoto 245.

Kilichobaki ni rodi ya mbele. Bushi yake imeanza kupasuka, tuliiona siku ile ile, ila kimo cha mbele kilikuwa bado ndani ya kipimo. Nimeagiza bushi mpya na nataka iwekwe kabla ya mvua za Desemba. Amesema siku hiyo tutapima mbele na nyuma upya, kwa sababu ukigusa upande mmoja, wa pili nao unasogea. Safari hii nimemwambia aje saa moja asubuhi, na sakafu nimeishaiombea siku nzima.