Njia ya Meso-Rex ikibana: puto au stenti?

Mtoto aliyepandikizwa tumboni mshipa uliotolewa shingoni ili damu ya utumbo irudi kwenye ini (ndiyo njia ya Meso-Rex), njia hiyo ikisinyaa, wengu huvimba upya, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) hushuka na mishipa ya umio yaweza kuvuja damu. Mara nyingi pabaya ni kwenye mshono.

Kwa puto au stenti, mwanzo ni mmoja: mtoto hulazwa kwa nusukaputi, sindano huongozwa kwa ultrasaundi kupitia ini au wengu, waya huvushwa penye mbano, shinikizo hupimwa pande zote mbili za mbano.

Puto dogo hupulizwa ndani ya mbano hadi kile “kiuno” kinachoonekana kwenye picha, pale puto linapobanwa, kipotee. Haliachi kitu mwilini, ila kovu linanyumbuka. Baadaye mbano waweza kurudi palepale, na kazi ikarudiwa.

Stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, hushikilia ukuta wa mshipa. Tatizo lake ni kwamba mtoto hukua, chuma hakikui. Ichaguliwe inayoweza kutanuliwa baadaye, isizibe matawi ndani ya ini, na dawa za kuzuia damu kuganda zisikosekane.

Kwa mtoto mdogo, puto kwanza, hata mara mbili tatu. Waya usipopita kabisa, mambo hurudi kwa daktari wa upasuaji.