Nililipia kukaguliwa, fundi hata godoro hakuinua

Hakuinua godoro. Hata kona moja. Nimelipa elfu nne na mia tano niondolewe kunguni, na fundi niliyeletewa na kampuni ya kuua wadudu akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala, pampu mgongoni, akapuliza ukuta wa kushoto, akapuliza wa kulia, pazia likapata kidogo, akageuka. Nyumba nzima, jikoni na choo pamoja, haikumaliza dakika ishirini. Nami nilikuwa nimeamka kabla ya adhana nikafua shuka na foronya zote, nikatoa vyombo kabatini, nikampeleka mtoto kwa dadangu anayekaa mtaa wa Kayole, kwa kuwa kwenye simu waliniambia, "Tutakagua kwanza, madam, ndiyo tujue wamejificha wapi." Mimi nililipia huko kukagua. Kupuliza tu ningepuliza mwenyewe.

Nikamwuliza kwa upole, "Fundi, na kitandani je? Hujaangalia." Akanijibu akikunja mpira wa pampu, keateka, yule mwangalizi wa jengo, akiwa pale na jirani yangu wa mlango wa pili amesimama kwenye korido: "Mama, hawa wanaletwa na uchafu. Usipobadilika watarudi tu."

Nimekaa mtaa huu wa Umoja, Nairobi, miaka mingi. Nyumba yangu hupigwa deki kila siku kabla sijatoka kwenda kazini. Na hata ingekuwa haipigwi, mtu anayelipwa kwa kazi hii hapaswi kusema maneno kama hayo, kwa sababu si kweli. Mende ndiye anayefuata makombo na mafuta ya nyuma ya meko. Kunguni hali makombo. Anakunywa damu, basi, na ya msafi kwake ni sawa na ya mchafu. Anapanda begi, anapanda koti, anahama na viti na vitanda. Wangu najua walikotoka: kitanda cha mbao nilichouziwa na mtu aliyekuwa anahama.

Baada ya kama wiki moja na nusu mtoto aliamka na vipele vitatu mkononi, vimepangana kama vimepimwa kwa rula. Nikakaa kwenye kiti nikalia, nisifiche.

Usiku huo sikulala. Saa tisa niliwasha tochi ya simu, nikachukua kadi ya benki iliyokwisha muda, nikaanza kufanya kazi niliyokuwa nimemlipa mtu mwingine. Nilipitisha ukingo wa kadi polepole kwenye mshono wa godoro, upande wa kichwani. Palikuwa na vitone vyeusi, kama mtu amegusagusa kwa ncha ya kalamu ya wino. Nikalowesha karatasi ya chooni nikabonyeza kimoja: kikasambaa, kikawa na rangi ya kutu. Hicho ni kinyesi chao, damu iliyokwisha kuyeyushwa tumboni. Pembeni kulikuwa na magamba, mepesi, ukipumua yanaruka, kwa sababu kunguni mdogo hujivua mara tano kabla hajakomaa.

Kisha nikatoa chaga moja moja, nikachukua bisibisi nikafungua skrubu ya ubao wa kichwani. Ndani ya shimo lile, shimo lisilotosha kidole changu kidogo, walikuwa wanne wamejibana, bapa, wa kahawia, kama kamande. Na nyuma yao mayai, meupe, ya milimita moja hivi, yamegandishwa kwenye mbao. Shimo lenyewe lilikuwa na unga wake wa mbao, mkavu. Hakuna tone la dawa lililowahi kufika pale. Amepuliza kuta ilhali mayai yapo kwenye skrubu!

Na hata angefika, dawa nyingi haziui mayai vizuri. Kwa joto la nyumba zetu yanaanguliwa ndani ya siku kama kumi hivi, ndiyo maana kurudi mara ya pili ni lazima, jambo ambalo sikuambiwa. Tena dawa nyingi za kupuliza ni za jamii iliyoigwa kutoka pareto, ua lile lile linalolimwa Nakuru, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshaizoea. Kwa hiyo anayepuliza bila kutafuta maficho anawasumbua tu, wanatawanyika.

Nilipiga simu mara tatu. Mara ya tatu wakamleta kijana mwingine, bila malipo, na hapa lazima niwe mkweli: yule kijana anajua kazi. Aliingia akauliza kwanza, "Mama, mnalala upande upi?" Akakipindua kitanda miguu juu. Akazima umeme wa nyumba, akafungua vifuniko vya soketi, akanionyesha vitone kwenye pindo la pazia ambavyo mimi sikuviona. Akaniambia nguo zifuliwe kwa maji ya moto, si ya vuguvugu. Baada ya wiki mbili hivi akarudi mwenyewe bila kukumbushwa. Tangu hapo mtoto hajaumwa. Nikasema basi, nitawapa nyota nne, ya tano imezuiwa na yule wa kwanza.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoziona nne ni nyingi. Kijana mzuri nilimpata kwa kelele na kwa picha za shimo la skrubu nilizopiga mwenyewe usiku wa manane. Asiyejua kuangalia angeambiwa abadilike, naye angekubali. Nimeweka nyota mbili. Zote mbili ni za kijana.

Halafu kuna jirani yangu. Alikuwa mtu wa kuniachia ufunguo. Siku hizi mwanawe haruhusiwi kukalia kochi letu, na anapita kwenye korido akisema tu "hujambo" bila kusimama. Soketi yake na yangu zimepeana mgongo kwenye ukuta mmoja, na kijana alisema wazi kwamba kunguni hupita kwenye bomba la nyaya. Nyumba yake inahitaji kukaguliwa. Nimemwambia, hakuniamini, kwa sababu fundi mwenye pampu alisema mbele yake kwamba ni uchafu wangu. Nimeiomba kampuni imrudishe yule wa kwanza amwambie jirani kwa kinywa chake kwamba alikosea, kisha wamkagulie kitanda, gharama nitalipa mimi. Meneja alisema atanipigia. Bado ninangoja simu yake.