Kipima oksijeni cha kidoleni: miezi mitano na mama yangu

Mwezi wa tano mama aliwekewa stenti ya moyo (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa usizibe) Dar, pale taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Walipitia kwenye mshipa wa mkono, naye yu macho. Lakini ukimuuliza, hakusimulii waya wala stenti. Anasimulia kile kibanio kilichokuwa kidoleni: ti, ti, ti. Oksijeni ikishuka na sauti inashuka, inakuwa nzito. Dawa ya kutuliza ilipomlaza kidogo, muuguzi alisikia mlio umebadilika kabla hata hajatazama skrini: "Mama, vuta pumzi!"

Basi tumerudi Mtwara, hana wimbo mwingine. Anataka chake.

Nilikipata duka la dawa huku Chikongola, elfu thelathini na tano baada ya kuvutana. Muuzaji aliapa betri zimo. Hazimo. Zinaingia mbili, zile nyembamba za rimoti.

Kazi kinafanya. Kinapitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwingine usioonekana, maana damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazimezi mwanga sawasawa. Mama husoma asilimia 97 au 98. Barazani juani namba hazionekani, na asubuhi za Julai vidole vikiwa baridi kinahangaika mpaka umsugue mikono.

Usiku mmoja kikaandika 84. Nilishavaa viatu, bodaboda nimeshampigia, ndipo nikaona kucha: katoka harusini Mikindani, vidole vyote piko, rangi nyeusi inayozuia mwanga! Nikakihamishia kidole cha mguu, 97. (Bodaboda alidai nauli yake, nikampa.)

Sasa hili ndilo linalonifanya nikate nyota moja, ingawa kosa si la kifaa. Mwezi uliopita kifua kilimbana. Kipimo, 98. Mdogo wangu akasema namba nzuri, mwache alale. Alale wapi! Kile kinajua oksijeni ya kwenye damu tu. Mshipa wa moyo unaweza kuziba na namba ikabaki palepale 98. Tulimpeleka hospitali usiku uleule akapimwa umeme wa moyo, wakamlaza siku mbili, wakambadilishia dawa. Kwenye boksi hakuna hata mstari unaokuonya.

Nyota nne. Mama anakifunga kwenye pindo la kanga, haazimi mtu. Jirani akija, anampima yeye mwenyewe, na kwa vile hiki chetu hakina mlio, anautoa kwa mdomo: ti, ti, ti.