MCP1700: kidhibiti volteji cha vifaa vinavyolala

Kifaa changu cha kupima kina cha maji kwenye simtanki hulala dakika 10, huamka sekunde mbili kusoma sensa na kutuma namba moja kwa redio ya LoRa, ya masafa marefu na matumizi madogo ya umeme, kisha hulala tena. Mwanzoni nilikiendesha kwa betri moja ya lithiamu ya 18650 kupitia kidhibiti volteji (kijenzi kinachoshusha volti za betri na kuziweka palepale) kilichokuja na bodi, cha ile jamii ya 1117 iliyozagaa kila mahali. Betri ya miliampia-saa 2,000 iliisha kwa siku 16 hivi, ilhali maikrokontrola, chipu inayoendesha kifaa, ilikuwa usingizini karibu muda wote. Umeme ulikuwa ukiliwa na kidhibiti chenyewe: vya jamii hiyo hutumia takribani miliampia 5, viwe na mzigo (kifaa kinachovuta umeme) au visiwe nao, na tena huhitaji kuingiziwa volti moja hivi zaidi ya zile zinazotoka, jambo ambalo betri ya volti 3.7 haiwezi kulitimiza pale unapotaka volti 3.3.

Nafasi yake nimeiweka MCP1700 ya Microchip, aina ya volti 3.3, yenye miguu mitatu na umbo la transista ndogo. Mtengenezaji anaeleza kwamba hutoa hadi miliampia 250, kwamba kwa mzigo huo wote hupoteza takribani milivolti 178 tu, na kwamba yenyewe hujitumia maikroampia 1.6. Niliipima kwa multimita kabla ya kuiunganishia chochote, ikasoma chini kidogo ya maikroampia 2. Kwa kiwango hicho betri ileile ingehitaji zaidi ya miaka 100 kumalizwa na kidhibiti peke yake, na ni wazi kuwa ingekuwa imejifia yenyewe zamani. Wauzaji hupenda kuvisifu vidhibiti hivi kwa udogo wa volti zinazopotea. Kwa kifaa kinacholala, mimi naona umeme ambao kidhibiti hujitumia chenyewe ndio wa kutazamwa kwanza.

Kasoro zipo. Mpangilio wa miguu, ukiutazama upande bapa kutoka kushoto, ni hasi, ingizo (umeme unapoingia), kisha toleo (unapotokea), wakati 78L05, kidhibiti cha volti 5 chenye umbo lilelile, huanza na toleo, ikafuata hasi, na ingizo likawa mwisho. Nilikiunga cha kwanza kwa mazoea ya 78L05, kikapata moto hadi kikaniunguza kidole. Kosa lilikuwa langu. Vilevile hakina mguu wa kukizimia, wala hakikati umeme betri inapochoka: volti zikishuka, toleo nalo hushuka likiifuata betri, kwa hiyo betri ya lithiamu isiyo na saketi yake ya ulinzi inaweza kunyonywa hadi ikaharibika.

Kwa ESP32, maikrokontrola yenye WiFi ndani yake, nisingekipendekeza. Espressif, watengenezaji wake, wanashauri chanzo cha miliampia 500 au zaidi, na WiFi huvuta umeme kwa mikupuo ambayo kidhibiti hiki kinaweza kushindwa kuihimili hata ukiongeza kapasita kubwa (kijenzi cha kuhifadhi umeme kidogo) kwenye toleo. LoRa yangu haivuki miliampia 120 au 130 inapotuma, na kapasita mbili za seramiki za maikrofaradi 1, moja kila upande, zimetosha.

Ingizo lisizidi volti 6. Wanaotumia betri nne za AA wawe waangalifu, maana zikiwa mpya kabisa kila moja huweza kufika volti 1.6, na jumla yake ni 6.4. Kwa hali hiyo ningechukua kidhibiti kingine, HT7333 ya Holtek, inayopokea hadi volti 12 na kujitumia takribani maikroampia 4.

Ukinunua kwa pakiti za bei ya chini, pima kila kimoja kabla ya kukichomelea. Katika pakiti yangu yenye vidhibiti kumi, viwili vilisoma zaidi ya maikroampia 60, na maandishi juu yake yalifutika kwa kusuguliwa na kucha.