Uzoefu wangu: woking futi ya Kariakoo kwenye kwilti ya viraka vya vitenge

Wale wenye cherehani ya umeme nyumbani na mnatamani kushona kwilti (blanketi la viraka lenye pamba kati), huu mguu wa cherehani unaoitwa woking futi nimeutumia kwenye kazi kubwa kweli, sio kujaribia kwenye kitambaa cha nusu mita, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Mnavijua vile vitambaa vya makochi vya kroshia, vya mraba, kati rangi moja halafu inazungushiwa nyingine na nyingine mpaka mwisho nyeusi au krimu? Nilitaka muonekano ule ule ila kwa vitenge, maana masalia ninayo mafuko kwa mafuko. Kila mraba una vipande 25, kimoja kati, 4 vinakizunguka, 8 vinazunguka hivyo, halafu 12 vya krimu kwa nje, vyote vinakaa umbo la almasi lenye ncha ncha pembeni. Unavikata inchi 2.5 vikishonwa vinabaki inchi 2. Ukimaliza unapunguza zile ncha za nje ili upate mraba mkubwa ulionyooka, na hapo ndo kasheshe inaanza, kingo zote nne zinakuwa zimekatwa ulalo na kitambaa cha ulalo kinavutika kama jojo. (Tafuta kitenge cha pamba tupu jamani, kile cha polista kinateleza na pasi ikizidi moto kinayeyuka.)

Sasa weka chini shuka, kati ile pamba ya kutandaza wanayoweka kwenye majaketi, juu viraka vyako, halafu pitisha mguu wa kawaida uone. Meno ya cherehani yanavuta shuka la chini, mguu wenyewe umebana tu kule juu, basi viraka vinasukumwa mbele kidogo kidogo mpaka ukifika mwisho wa mstari una mkunjo mnene kama kidole.

Woking futi ina meno yake juu. Kuna kimkono pembeni kinakaa kwenye skrubu ya sindano, sindano ikipanda na kushuka kinayanyanyua yale meno, kwa hiyo juu na chini vinatembea pamoja. Nilikuwa naangalia pale mishono minne inapokutana, pale panakuwa na kinundu, mguu wa kawaida unakwama hapo unashona nyuzi zimerundikana, huu unapanda tuk, unashuka tuk, umepita. Nilishona mistari ya ulalo kona kwa kona ya vile vipande vidogo, urefu wa mshono namba 3 na sindano saizi 90, na mgongo wa kwilti umelala flati kabisa.

Kasoro zipo. Una kelele, yani majirani wanajua unashona. Ukikanyaga moto mwingi unapoteza mshiko kwa hiyo taratibu, anzia katikati kwenda nje, na weka meza ya kubeba uzito kushoto maana kwilti ikining'inia inavuta na mishono inakuwa midogo midogo. Kurudi nyuma mimi siufanyishi, naacha uzi mrefu nafunga kwa mkono.

Bei elfu 35, nilipunguziwa kidogo. Ila duka la kwanza walitaka kunipa wa shingo ndefu (shingo ni pale mguu unapofungwa kwenye cherehani) wanasema "utaingia tu dada", hauingii! Cherehani nyingi za nyumbani ni shingo fupi, fungua mguu wako nenda nao mkononi mlinganishe hapo hapo kaunta maana wengi wakishapokea hela hawarudishi.

Na wanaoniuliza Dar na joto hili kwilti ya nini, inaenda Njombe kwa mama mdogo, nendeni kule mwezi wa saba bila blanketi mje mniambie.

Ila kama unataka kuchora maua na mizunguko juu ya kwilti usinunue huu, unaenda mbele tu, we tafuta mguu wa kudarizi halafu shusha meno ya chini.